Kuwa muuguzi tabibu wa afya ya akili Marekani: mwongozo kamili kwa wauguzi wetu

"Nina mawazo." Mswahili yeyote akiambiwa hivyo anaelewa mara moja: huyu ana mzigo moyoni, halali, chakula hakipiti. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nesi wa zamu ya usiku katika wodi ya afya ya akili hapa Minnesota. Mama mmoja kutoka Kongo alilitamka neno hilo kwa tabibu kupitia mkalimani wa simu, na mkalimani akalitafsiri neno kwa neno. Nilipofungua faili nikakuta imeandikwa kwamba mgonjwa ana fikra zinazokimbia, na kwamba huenda ni mania, ile hali ya kuchangamka kupita kiasi. Dawa ilikuwa imeshaagizwa. Yule mama alikuwa amefiwa, basi.

Nililisema, nikasikilizwa, dawa ikaondolewa. Lakini nilirudi nyumbani nikijua kwamba aliyeshika kalamu ndiye anayeamua, na kalamu sikuwa nayo. Ndiyo sababu nilisomea kazi ninayoifanya leo, na ndiyo sababu nakuandikia wewe nesi mwenzangu, uwe bado Eldoret au Mbeya, au uko tayari Dallas au Tacoma ukifanya zamu mbili mfululizo.

Kwanza, kazi yenyewe

Kifupi chake ni PMHNP. Kwa Kiswahili nitamwita muuguzi tabibu wa afya ya akili. Ni nesi aliyesoma shahada ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi, akapewa leseni ya pili juu ya leseni yake ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa. Anamhoji mgonjwa, anabaini ugonjwa, anaandika dawa, anaagiza vipimo vya damu na kutoa tiba ya mazungumzo. Anahudumia watu wa umri wote, kuanzia mtoto hadi mzee. Si saikayatrista, kwa maana yule amesomea udaktari wa tiba. Wala si mwanasaikolojia, ambaye kwa kawaida haandiki dawa.

Kazi hii ina mizizi miwili. Mmoja ni Hildegard Peplau, nesi aliyeanzisha pale Rutgers, New Jersey, katika miaka ya 1950, mafunzo ya juu ya uuguzi wa akili yaliyoweka uhusiano wa nesi na mgonjwa katikati ya tiba. Mwingine ni mpango wa kwanza wa wauguzi tabibu, ulioanzishwa Colorado mwaka 1965 na nesi Loretta Ford pamoja na daktari wa watoto Henry Silver. Kumbuka mzizi wa Peplau, maana utauhitaji tutakapofika kwenye kuchagua chuo.

Hatua ya kwanza: leseni ya RN na shahada ya kwanza

Bila leseni ya RN ya Marekani, karibu kila chuo kitakufungia mlango. Njia ya kuipata inategemea unapoanzia.

Kama ulisomea nyumbani, kazi kubwa ni karatasi. Bodi ya uuguzi ya jimbo itataka masomo yako yakaguliwe, mara nyingi na shirika la CGFNS, ambalo sasa linaitwa TruMerit, na chuo chako pamoja na baraza la uuguzi la nchi yako watume nyaraka wenyewe moja kwa moja. Hapa ndipo watu wetu wanakwama mwaka mzima. Kabla hujapanda ndege, nenda chuoni ukiwa na barua mkononi, umjue kwa jina afisa wa masjala anayeshughulikia nyaraka, na uhakikishe transkripti inaonyesha saa za darasani na saa za wodini kwa kila somo: watu wazima, watoto, uzazi, afya ya akili. Bodi nyingine hukataa mtu kwa sababu tu saa za afya ya akili hazionekani kwenye karatasi, hata kama alikaa hospitali ya akili ya Mathari au Mirembe wiki kadhaa. Kupata karatasi hiyo ukiwa Nairobi ni kazi ya siku chache. Ukiwa Houston, utakuwa unambembeleza binamu aende badala yako.

Kisha mtihani wa leseni ya RN, NCLEX-RN. Unafanywa kwa kompyuta, maswali kati ya 85 na 150, na muda usiozidi saa tano. Tangu Aprili 2023 unapima zaidi namna unavyofikia uamuzi juu ya mgonjwa kuliko ulivyokariri, kwa hiyo usisomee vitabu vya zamani ulivyoachiwa na rafiki.

Kama uko hapa tayari kama CNA (msaidizi wa wauguzi) au LPN (nesi wa ngazi ya chini ya RN), ngazi unaijua: chuo cha jamii, RN ya miaka miwili, halafu daraja la RN kwenda BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi, ambalo wengi hulimaliza kwa mtandao huku wakifanya kazi. Mwenye diploma ya nyumbani, kama KRCHN ya Kenya, naye kwa kawaida atahitaji daraja hilo. Mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kutafuta programu za kuingia moja kwa moja, zinazompeleka hadi RN na kisha uzamili. Zipo nzuri, lakini ni ghali, na zinakunyima kitu kimoja ninachokithamini sana.

Hatua ya pili: miaka miwili wodini

Kitu hicho ni uzoefu. Vyuo vingine vinataka mwaka mmoja tu wa kazi ya RN, vingine havitaki hata huo. Mimi nasema ukae miaka miwili, na kama unaweza, iwe katika wodi ya akili, kituo cha dharura za akili au kliniki ya uraibu. Unapompa mgonjwa haloperidoli na usiku uleule unamwona anashindwa kukaa kitini, anahamisha miguu, anazunguka korido, unajifunza akathisia, kutotulia kunakoletwa na dawa, kwa namna ambayo hakuna mhadhara utakaokufundisha. Siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye kalamu, hutaidhania kuwa ni ukichaa uliozidi ukaongeza kipimo cha dawa ileile inayomtesa.

Wengi wetu tumefanya kazi katika nyumba ndogo za kulea watu wenye ulemavu na magonjwa ya akili. Usiudharau uzoefu huo. Wewe ndiye unayejua mgonjwa wa skizofrenia anaishije siku ya Jumanne ya kawaida: anakula nini, nani humpigia simu, kwa nini anaficha vidonge chini ya ulimi. Madaktari wengi hawajawahi kuliona hilo.

Hatua ya tatu: kuchagua chuo

Hapa sitakimbia, maana makosa ya hapa yanagharimu maelfu ya dola.

Njia ni tatu. MSN, yaani uzamili, huchukua miaka miwili hadi mitatu. DNP, udaktari wa uuguzi, huchukua mitatu hadi minne. Na kuna cheti cha baada ya uzamili kwa aliye tayari muuguzi tabibu wa fani nyingine, kwa mfano wa familia. Utasikia kelele kwamba bila DNP huwezi kufanya kazi. Si kweli: MSN inatosha kufanya mtihani wa bodi, yaani ule wa kitaifa wa kuthibitishwa kuwa PMHNP, na kupata leseni. Kama una watoto na deni la nyumba, anza na MSN.

Jambo la kwanza kulitazama ni ithibati. Programu yenyewe, si chuo tu, iwe na ithibati ya chombo kimoja kati ya CCNE, ACEN na CNEA, vinavyokagua ubora wa mafunzo ya uuguzi. Bila hiyo hutaruhusiwa kufanya mtihani wa bodi. Tazama kwenye tovuti ya chombo chenyewe, usiridhike na maneno ya afisa wa udahili.

La pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: nani anakutafutia prisepta? Prisepta ni tabibu anayekubali ukae naye kliniki umwone akifanya kazi na wewe ufanye chini ya jicho lake. Viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Vyuo vingi vya mtandaoni vinakuachia uhangaike mwenyewe, na vingine vinakuambia ukweli huo ukiwa umeshalipa mihula miwili. Nina rafiki, dada mchapakazi kabisa, aliyesimama masomo miezi minane kwa kukosa prisepta wa watoto, huku riba ya mkopo ikipanda. Mwishowe aliilipa kampuni ya kutafuta maprisepta fedha nyingi kutoka mfukoni. Kwa hiyo uliza kwa barua pepe, ujibiwe kwa maandishi: Je, chuo kinanihakikishia nafasi ya mazoezi? Kikishindwa, nini kinatokea? Wangapi mwaka jana walichelewa kuhitimu kwa sababu hiyo? Jibu likizungukazunguka, jibu umeshalipata.

La tatu, uliza kama chuo kinaruhusiwa kuwapokea wanafunzi wanaoishi jimboni kwako, na kama shahada yake inatimiza masharti ya bodi ya uuguzi ya jimbo hilo. Ukikusudia kuhamia jimbo lingine, uliza la jimbo hilo pia.

La nne, mzizi wa Peplau. Ili ufanye mtihani wa bodi lazima uwe umefundishwa aina zisizopungua mbili za tiba ya mazungumzo. Kuna vyuo vinavyolifanya hili kwa video na insha. Tafuta chuo ambako utafanya tiba ya kubadili fikra na mwenendo na mgonjwa halisi, ukiwa na mwalimu anayesikiliza rekodi yako na kukuonyesha mahali ulipomkatiza mgonjwa. Anayejua dawa tu anakuwa mashine ya kutoa vidonge, na wagonjwa wanalitambua haraka.

Mwisho tazama asilimia ya wanaofaulu mtihani mara ya kwanza, na bei kwa jumla, si kwa kila somo. Chuo kikuu cha umma cha jimbo lako mara nyingi ni nafuu na kina urafiki wa miaka mingi na hospitali za karibu. Anza hapo kabla hujavutwa na tangazo.

Hatua ya nne: maombi

Utahitaji transkripti zote, na za nyumbani zitakaguliwa na shirika kama WES. Wastani wa alama (GPA) wa 3.0 ndio wa kawaida. Vyuo vingi vinataka somo la takwimu, na vingine mtihani wa Kiingereza hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Usikasirike, fanya.

Barua za mapendekezo ziombe kwa watu waliokuona kazini. Mchungaji anakupenda, lakini hajawahi kukuona ukimtuliza mgonjwa aliyeshika kiti juu saa tisa usiku. Msimamizi wako wa wodi ameona.

Insha ndiyo inayotushinda. Tumelelewa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu, basi tunaandika kurasa mbili kuhusu kupenda kusaidia watu na kumshukuru Mungu. Kamati inasoma insha kama hizo kutwa nzima. Chagua mgonjwa mmoja, ficha kila kitu kinachoweza kumtambulisha, ueleze ulichokiona, ulichokifanya, na kilichokushinda kwa kukosa elimu zaidi. Kueleza kazi uliyoifanya si majivuno.

Hatua ya tano: fedha

Anza na mwajiri. Hospitali nyingi husaidia karo, na hadi dola 5,250 kwa mwaka hazikatwi kodi. Soma mkataba, maana ukiondoka mapema wanaweza kuzidai.

Mkopo wa serikali kuu huombwa kupitia fomu ya FAFSA kwa raia na wenye green card. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imebadilisha mengi: kuanzia 1 Julai 2026 mkopo wa ziada wa uzamili uitwao Grad PLUS haupo tena kwa wakopaji wapya, na mkopo wa kawaida wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kwa hiyo programu ya dola laki moja na nusu sasa haiwezi kulipiwa kwa mkopo wa serikali peke yake. Piga hesabu kabla ya kusaini.

Baada ya kuhitimu kuna misaada ya kulipa deni. Mpango wa serikali uitwao Nurse Corps hulipa asilimia 60 ya deni lako la masomo ya uuguzi kwa miaka miwili ya kazi mahali penye uhaba mkubwa, na inawapokea wenye green card. National Health Service Corps nayo hulipa, lakini inataka uraia. Kama unakaribia kuapishwa, hili lizingatie katika mpango wako. Na ukifanya kazi katika shirika lisilo la faida au la serikali, salio la mkopo linaweza kufutwa baada ya malipo 120.

Hatua ya sita: masomo na saa za kliniki

Mihula ya kwanza ni masomo matatu makubwa: namna mwili unavyougua, uchunguzi wa mgonjwa kwa kina, na famakolojia ya juu. Kisha yanakuja magonjwa ya akili yenyewe, dawa zake, na tiba ya mazungumzo.

Dawa zisome kama unayesoma hatari, si majina. Lithiamu kwenye damu inatakiwa kuwa kati ya 0.6 na 1.2 mmol/L, na mgonjwa aliyejinunulia ibuprofeni kwa ajili ya mgongo anaweza kuipandisha hadi ikawa sumu. Lamotrijini inaanzwa taratibu, miligramu 25 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 50 kwa siku kwa wiki mbili nyingine, kwa sababu ukiharakisha ngozi inaweza kubabuka kiasi cha kuua. Na mgonjwa akiwa anatumia valproeti, kiwango hicho kinapunguzwa nusu. Valproeti nayo humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo usimwandikie msichana bila kuzungumza naye kuhusu uzazi. Mambo ya namna hii yatakuja kwenye mtihani, lakini hasa yatakuja kliniki saa kumi jioni ukiwa umechoka.

Kuhusu muda: saa 750 ukizigawa kwa mihula mitatu ya wiki 15, ni kama saa 17 kwa wiki, na kliniki zinafunguliwa mchana siku za kazi. Wengi wetu tunajaribu kufanya zamu ya usiku halafu kliniki asubuhi. Nilijaribu wiki tatu. Siku moja nilisinzia mgonjwa akinieleza jinsi alivyomkuta kaka yake amejiua. Aliniona. Nilimwomba radhi, na wiki ileile nikaomba zamu za wikendi tu, mapato yakapungua, tukahamia nyumba ndogo. Weka akiba ya miezi kadhaa kabla ya mwaka wa kliniki, na mzungumze na mwenzi wako mapema. Ndugu wa nyumbani nao waambie kwamba kwa mwaka mmoja fedha za kutuma zitapungua.

Prisepta mtafute mwaka mmoja kabla. Andika barua fupi: wewe ni nani, chuo gani, saa ngapi, tarehe zipi, na kwamba unazungumza Kiswahili. Jambo hilo la mwisho limenifungulia milango miwili, kwa sababu vituo vya afya ya akili vya jamii vinavyohudumia wakimbizi wa Kongo vinahangaika na ukalimani kila siku. Pangilia upate watoto, watu wazima, na angalau muhula mmoja wa uraibu.

Hatua ya saba: mtihani wa bodi na leseni

Mtihani uliozoeleka ni wa ANCC, shirika linalothibitisha wauguzi: maswali 175 kwa saa tatu na nusu, ambapo 150 tu ndiyo yanayohesabiwa, na alama ya kufaulu ni 350 kati ya 500. Ukifaulu unaandika PMHNP-BC baada ya jina lako, kwa miaka mitano kabla ya kuhuisha. Tangu 2024 shirika jingine, AANPCB, nalo lina mtihani wake. Fanya ndani ya miezi miwili au mitatu baada ya kuhitimu. Anayengoja mwaka husahau.

Baada ya hapo omba leseni ya APRN ya jimbo (ile ya pili niliyoitaja mwanzo), namba ya NPI inayomtambulisha mtoa huduma, ambayo ni bure, na usajili wa DEA, idara ya serikali kuu ya kudhibiti dawa, kwa dawa zinazodhibitiwa, dola 888 kwa miaka mitatu. DEA inataka uwe umepata saa nane za mafunzo kuhusu uraibu, na vyuo vingi sasa vinaziingiza kwenye masomo, basi tunza cheti. Kisha kampuni za bima zikuingize kwenye orodha zao, jambo linaloweza kula miezi mitatu au zaidi. Usiache kazi ya RN mapema.

Uhuru wako unategemea jimbo. Washington unaweza kufanya kazi bila mkataba na daktari tangu mwanzo. Minnesota unahitaji kwanza saa 2,080 za ushirikiano, New York 3,600. Texas lazima uwe na mkataba na daktari ili uandike dawa, hata ukiwa na uzoefu wa miaka ishirini.

Hatua ya nane: kazi ya kwanza

Usichague kwa mshahara peke yake. Uliza mgonjwa mpya anapewa dakika ngapi. Chini ya 60 kwa aliyehitimu jana ni hatari. Uliza wagonjwa wangapi kwa siku, na nani utampigia simu ukikwama, kwa jina. Uliza bima ya makosa ya kazi inakulinda vipi baada ya kuondoka. Mtu akitaka uone wagonjwa ishirini na tano kwa siku katika mwezi wa kwanza, mshukuru na uondoke.

Na uliza kuhusu Kiswahili. Sheria za haki za raia katika huduma za afya zinataka mfanyakazi anayehudumia kwa lugha nyingine awe amethibitishwa kwamba anaimudu, kwa hiyo vituo vingi vitakupima kwanza, na baadhi huongeza malipo ukifaulu. Omba upimwe wiki ya kwanza. Anza pia daftari la maneno ya wagonjwa: nina mawazo, roho nzito, moyo unaenda mbio, kichwa kinachemka, nimevurugwa. Mbele ya kila neno andika ulichokuja kugundua mgonjwa alimaanisha nini. Langu limefika kurasa arobaini, na wenzangu wasiojua Kiswahili huliazima kabla ya kumpigia simu mkalimani.